Fisi na Kilemba cha Mwenye Shughuli

Hii nilipewa nikiwa nachambua mchele, nami nawapa hivyo hivyo, na chuya zake ndani.

Mji wa wanyama wa Mkwajuni ulikaa misimu miwili bila mvua. Majani yalikauka, soko likalala, na wageni waliozoea kupita wakaacha kupita. Hata Simba, mfalme wao, alikuwa amechoka. Hakuchoka kwa njaa, maana wafalme hawakosi. Alichoka kwa sababu hakuna aliyebaki na nguvu ya kumsifu. Akinguruma asubuhi, wenyeji walimwitikia wakiwa wamelala.

Ndipo Fisi alipokuja barazani mbio mbio, ulimi nje.

"Mfalme wangu, nimeleta neema! Duma na wenzake wa mbugani wanatafuta mji wa kufanyia mashindano ya magari. Magari, Mfalme! Yanayonguruma!"

Simba akafungua jicho moja. "Yananguruma kunizidi mimi?"

"Thubutu! Yanajaribu tu. Tuwakaribishe. Watakuja wageni kutoka kila pori, na kila gari likimaliza mzunguko, dereva atainamisha kichwa mbele ya kiti chako."

"Mizunguko mingapi?"

"Ishirini."

"Iwe thelathini," akasema Simba, na shauri likaisha hapo.

Sasa nisiwe mchoyo wa maneno mazuri. Mji uliamka. Barabara kuu ilikuwa na shimo ambalo Nyumbu alitumbukia siku ya harusi yake, na watoto wake nao wakaja kutumbukia humo humo. Ngiri na nduguze walilifukia kwa siku moja. Fundi Nungunungu, aliyekuwa akipiga miayo tangu kiangazi kianze, akafungua banda la kuziba pancha. Wenye husuda walisema anazitoboa mwenyewe kwa miiba yake, lakini wote walimpelekea. Waliokuwa hawasemezani wakasemezana, maana kazi ilikuwa nyingi na mikono michache.

Kwa chakula cha wageni, kila nyumba ilitoa ilichonacho: huyu mtama, yule mihogo, mwingine nyama kavu aliyokuwa ameificha hata mkewe asijue. Vyote vikapelekwa ghala la mji, na Fisi akajitolea kulinda mlango.

"Nyinyi mna kazi kubwa kubwa," alisema. "Hili dogo niachieni mimi."

Nani angemshuku? Kila mtu alimshuku. Lakini kila mtu alikuwa na lake la kufanya.

Balaa likaanzia kwenye kona. Pale kando ya barabara alikuwa amekaa Bi Kanga, ameatamia mayai kumi na moja. Mwaka uliopita kiangazi kilimwachia yai moja tu, nalo likaoza. Safari hii alikuwa hali vizuri, hanywi vizuri, ilimradi wanawe watoke.

Jumatano asubuhi Fisi akamtokea na kamba na vigingi.

"Hodi, Bi Kanga. Barabara inapanuliwa, itapita hapa ulipokaa. Ijumaa uwe umehama."

"Hata salamu hakuna? Nihame vipi, na yai likipoa limekufa? Wanangu wanatoka Jumapili. Magari si yapite nyuma ya kichuguu?"

"Duma ameipenda kona hii. Anasema ndiyo tamu."

"Na mayai yangu?"

Fisi akameza mate. "Mayai nitayahifadhi mwenyewe. Mahali penye joto."

"Joto la tumbo lako!"

"Usinitusi, Bi Kanga. Mimi ni kamati."

Alipoondoka, Bi Kanga akatazama huku na huku. Kuondoka hawezi, kulia hakumsaidii. Akamwona Sungura anapita upande wa pili.

"Sungura! Wewe Sungura! Simama hapo, usijifanye huna masikio!"

"Naam, mama."

Akamweleza yote. Sungura akakaa chini, akakuna kidevu. "Mama, Fisi umewahi kumwona kwenye shughuli za watu?"

"Zote! Harusi, matanga, jando. Hakosi."

"Hufika saa ngapi?"

"Masinia yakitoka."

"Kwenye kuchambua mchele je? Kuchota maji? Kufagia?"

"Fisi yupi huyo? Labda wa mji mwingine."

"Basi hajui," akasema Sungura, na akaenda zake anacheka peke yake.

Alhamisi mji wote ukakusanyika barazani. Sungura akasimama. "Wakubwa zangu, wageni wanaingia. Mwenye shughuli ni nani? Maana mwenye shughuli ndiye anayefungwa kilemba chekundu, ndiye anayepokea shukrani, na ufunguo wa ghala unabaki kwake mpaka mwisho."

Fisi kusikia ufunguo, masikio yakamsimama. Lakini Simba alikwishaanza kutikisa manyoya ya shingo yake, anajiandaa kusema ni yeye. Sungura akamsogelea akamnong'oneza: "Mfalme, ufagio tukuletee wa chelewa au wa majani?"

"Ufagio wa nini?"

"Si mwenye shughuli ndiye anayefagia, Mfalme?"

Simba akakohoa. "Mimi ni mfalme," akatangaza kwa sauti. "Mambo ya shughuli apewe mwingine."

"Mimi!" Fisi akaruka. "Ni mimi niliyeleta habari. Shughuli ni yangu!"

"Una hakika, kaka?" Sungura akauliza.

"Nifungeni kilemba!"

Bi Tembo, aliyesimamia harusi zote za Mkwajuni, alimuuliza mara tatu mbele ya watu kama ilivyo desturi, na mara tatu Fisi akajibu ndiyo. Kilemba kikafungwa. Kikampendeza, tusimnyime haki yake. Kisha Bi Tembo akampa ufagio.

"Hongera, mwanangu. Kesho upite nyumba kwa nyumba, kila unayemfungia njia umwombe radhi. Asiyeridhia, shughuli yako itamzunguka, na hutomgusa. Chakula kikipungua, unajazia kutoka kwako. Na wewe mwenyewe huli kitu mpaka mgeni wa mwisho ashibe."

Fisi akacheka, akidhani ni utani. Akatazama nyuso za watu. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mgeni wa mwisho... wa mwisho kabisa?"

"Kwani wa mwisho wako wa namna ngapi?"

Fisi akataka kukivua kile kilemba, lakini mji mzima ulikuwa unapiga vigelegele. Ijumaa akapita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwenye kona, Bi Kanga hakumwacha hata amalize maneno.

"Sijaridhia."

Basi. Ngiri na nduguze wakachimba njia nyuma ya kichuguu, na kabla ya adhuhuri ilikuwa tayari.

Jumamosi ilikuwa siku ya kukumbukwa. Magari yalikuja mekundu na ya manjano, yakanguruma hadi vifuu vikaanguka rafuni. Vijana walishangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini vumbi liliingia kisimani, maji yakawa kama uji wa ulezi, na mtoto wa Swala alijificha chini ya mkeka akakataa kutoka hata kwa kubembelezwa. Simba aliinamiwa vichwa kama alivyoahidiwa. Kufikia mzunguko wa kumi shingo ilimuuma kwa kuitikia, na kufikia wa ishirini alikuwa anaitikia kwa nyusi. Duma akashinda, na Kiboko mmoja mgeni akaukalia uzio ukavunjika.

Ukafika wakati wa kula. Ghala likafunguliwa. Juu ya makapu kulikuwa na mtama. Chini ya mtama kulikuwa na mawe.

Bi Tembo akamgeukia Fisi.

"Panya," akasema Fisi.

"Panya wanaokula mtama wakalipa mawe?" akauliza Sungura.

"Haidhuru," akasema Bi Tembo kwa upole. "Kimepungua, mwenye shughuli anajazia."

Mji ukaongozana hadi pangoni kwa Fisi. Kila mtu akakitambua chakula chake, na nyama kavu ya yule bwana ikaonekana, na mkewe akaiona. Fisi alivibeba vyote kurudi, kapu juu ya kile kilemba chekundu, safari baada ya safari, wageni wakimpisha njia na kumpa hongera. Hawakujua. Walidhani ni ukarimu.

Wageni wakala, wakashiba, wakalegeza mikanda. Fisi akasogelea sinia.

"Bado mmoja," akasema Sungura.

"Nani tena?"

"Babu Kobe wa Bondeni. Gari lake lilizimika mzunguko wa kwanza. Ameshuka, analisukuma. Waamuzi wamemsamehe mizunguko mingine, lakini huu mmoja ameapa kuumaliza."

Fisi akatazama barabara. Mbali sana, mbali kabisa, kitu kidogo kilikuwa kinasogea. Au hakikuwa kinasogea.

Jumapili wageni walikuwa wamekwenda zao, wakaacha maganda, karatasi na makopo mji mzima. Fisi akafagia. Akifagia hatua tatu anatazama barabara, akifagia hatua tatu anatazama tena. Alasiri Babu Kobe akachomoza, ameinama nyuma ya gari lake.

"Sukuma, Babu, sukuma!" Fisi akalia. "Nikusaidie?"

"Ukinigusa nimeshindwa, mwanangu. Usinigombanishe na waamuzi."

Ikabaki hatua ishirini. Ikabaki kumi. Kisha Babu Kobe akasimama.

"Nini tena, Babu?"

"Huoni? Watoto wanavuka."

Kweli. Bi Kanga alikuwa anakwenda kisimani, na nyuma yake vifaranga kumi na mmoja, wametoka asubuhi hiyo hiyo, miguu bado haijazoea ardhi. Wakavuka mmoja mmoja. Wa saba akabadili mawazo, akarudi. Bi Kanga akamfuata, na wengine wote wakamfuata Bi Kanga, ikawa kazi ya kuanza upya. Fisi alikaa chini, ufagio magotini, anawatazama wakimpita mbele ya pua, na mji mzima unamtazama yeye.

"Hongera kwa shughuli," Bi Kanga akamwambia alipomfikia. "Imefana."

Babu Kobe akamaliza, akanawa, akakaa kwenye mkeka. Akachukua jani la kwanza la mchicha, akalitafuna taratibu, akasema limezidi chumvi kidogo, wampikie mchicha mwingine.

Baadaye Simba aliuliza barazani kama Duma aitwe tena mwaka ujao. Nungunungu akasema aitwe hata kesho. Mama Swala akasema mwanawe ndiyo kwanza ametoka chini ya mkeka. Wakabishana mpaka wakakubaliana: waje, lakini njia ibaki nyuma ya kichuguu, na kisima kifunikwe kwanza.

Na tangu siku ile, mtu akija Mkwajuni mbio mbio, ulimi nje, na habari ya shughuli kubwa, hakuna anayemuuliza italeta nini. Wanampa ufagio kwanza, wamwone anavyoushika.