Kalunguyeye, Gunia na Mchezo wa Nyama Nyama

Hadithi! Hadithi!

— Njoo, tumekaa!

Ije na mkia au bila mkia?

— Na mkia!

Basi sogeeni, maana mikia yenyewe ni mingi.

Hapo kale palikuwa na nyumba ya mbwa wasio na wenyewe. Mbwa aliyepotea aliletwa humo. Mbwa aliyeachwa na bwana wake aliletwa humo. Mbwa aliyechoka kupigwa mawe alijileta mwenyewe. Watumishi walikuwa wachache, na wakazidi kupungua. Mmoja aliolewa Pangani. Mmoja alikwenda kuchuma karafuu. Mmoja aliumwa kisigino, akasema, "Naenda kutia dawa," na mpaka leo anatia. Akabaki Bi Mwanaidi peke yake.

Kila asubuhi Bi Mwanaidi alifungua mabanda, kwa! kwa! kwa! Mbwa wakatoka uwanjani kucheza, naye akaenda kufagia na kuteka maji. Alijua kwamba mbwa asiyecheza huota ukali, kama mkate unavyoota ukungu. Lakini mikono ya kuwaangalia hakuwa nayo.

Katika nyumba hiyo alikuwamo mbwa mkubwa, jina lake Gunia. Nasema Gunia, si Kigunia. Kigunia alikuwa ndugu yake, wala hayumo katika hadithi hii. Alikuwamo pia Popi, mbwa jike mwembamba, na mbwa mwekundu aitwaye Mtasema-Mchoke. Jina hilo alipewa na bibi mmoja aliyegombana na majirani. Bibi akahama, mbwa akabaki, na kila Bi Mwanaidi alipomwita mbwa huyo, mtaa mzima ulifunga madirisha.

Tena alikuwamo kalunguyeye. Sikusema nungunungu. Nungunungu ana mishale mirefu; kalunguyeye ana miiba mifupi, na akitishwa hujikunja akawa kama mpira. Aliletwa na mzee asiyeona vizuri, aliyesema, "Bi Mwanaidi, nimeokota kitoto cha mbwa. Maskini, nywele zimemsimama kwa njaa." Bi Mwanaidi hakuwa na nafasi ya kubishana, akampokea. Mbwa walimjaribu kama mpira mara moja. Mara moja tu.

Sasa, Gunia hakujua kucheza. Popi akikimbia, Gunia humkamata shingo. Mtasema-Mchoke akiokota kijiti, Gunia humnyang'anya. Ikija ndoo ya ugali na dagaa, Gunia hutia kichwa ndani, na wengine hula harufu. Kila siku kilio, kila siku sikio la mtu linatoka damu.

Siku moja Bi Mwanaidi akasimama katikati ya uwanja, mkono kiunoni.

"Nyie wanangu, mimi ni mmoja," akasema. "Siwezi kufagia, kuteka maji, kupika na kuamua ugomvi. Kesho nikisikia hata mmoja wenu analia, mchezo basi! Kila mtu atakaa bandani mwake, usiku na mchana. Mmenisikia?"

Walisikia. Masikio yote yakalala, isipokuwa ya Gunia.

"Tumekwisha," Popi akasema. "Tukimpiga Gunia, patakuwa na kilio. Tusipompiga, kilio ni chetu."

"Niachieni mimi," akasema kalunguyeye.

"Wewe?" Mtasema-Mchoke akacheka. "Wewe utamfanya nini? Utamshona?"

"Nitamwuliza maswali tu."

Kesho yake mabanda yakafunguliwa, kwa! kwa! kwa! Kalunguyeye akamwendea Gunia.

"Shikamoo, mzee Gunia."

"Marahaba, mto wa sindano. Unataka kukanyagwa?"

"La, mzee. Tunataka kucheza nyama nyama. Mshindi atakula ndoo nzima peke yake. Ila wewe usiingie, mchezo huu unataka akili."

"Nani hana akili? Naingia! Nyama iko wapi?"

Mchezo wenyewe mnaujua. Kiongozi hutaja kitu. Kikiwa na nyama, wote huruka wakasema, "Nyama!" Kikiwa hakina, wote hunyamaza. Aliyekosea hutoka.

Kalunguyeye akaanza. "Nyama nyama nyama!"

"Nyama!"

"Ya ng'ombe?"

"Nyama!" Wakaruka, tifu!

"Ya mbuzi?"

"Nyama!" Tifu!

"Ya ufagio?"

Kimya. Gunia peke yake akaruka. "Nyama!" Tifu!

"Mzee, umekosea. Ufagio hauna nyama. Toka."

"Sitoki! Nani kakwambia hauna?" Gunia akaukamata ufagio wa Bi Mwanaidi, kachu kachu kachu, akaumeza. "Haya! Kinacholiwa ni nyama."

"Kweli, mzee. Tuendelee. Ya ndala?"

Kimya. "Nyama!" Tifu!

"Mzee, umekosea tena. Toka."

"Sitoki!" Gunia akaikamata ndala ya Bi Mwanaidi, ya mguu wa kushoto, nyafu nyafu nyafu. Ikamkwama kooni. Akaisukuma kwa maji. "Imeliwa! Tena sikieni nyote. Mimi Gunia nasema: nitakachokiita nyama ni nyama, na lazima kiliwe. Hiyo ndiyo sheria. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema mbwa.

"Hata mimi nimesikia," akasema kalunguyeye. "Nitaje polepole au upesi?"

"Upesi! Nina njaa."

"Ya kuku?"

"Nyama!" Tifu!

"Ya bata?"

"Nyama!" Tifu!

"Ya kondoo?"

"Nyama!" Tifu!

"Ya Gunia?"

"Nyama!" akanguruma Gunia, akaruka juu kuliko siku zote.

Alikuwa angali hewani aliposikia alichosema. Akatua polepole. Tifu. Wenzake wote walikuwa wamekaa chini, wanamtazama. Popi alijilamba midomo.

"Ni nini, jamani?" kalunguyeye akauliza.

"Ni nyama," akasema Popi.

"Na lazima iliwe," akasema Mtasema-Mchoke. Alisema kwa kunong'ona, ili Bi Mwanaidi asishtuke.

"Mimi nilidhani gunia la mkonge!" Gunia akasema. "Gunia la kutilia mahindi!"

"Gunia la mkonge halimo uwanjani," akajibu kalunguyeye. "Mimi hutaja majina kwa uangalifu, mzee."

Mbwa wakasogea kidogo. Wakasogea tena.

"Ngojeni!" Gunia akasema. "Nimekosea! Gunia si nyama! Nimekosea kabisa!"

"Aliyekosea hufanyaje?"

"Hutoka!"

"Basi?"

Gunia akatoka, tiki tiki tiki, akaingia bandani mwake, akauvuta mlango kwa meno, kwa!

Bi Mwanaidi alikuja na ndoo. Hakusikia kilio. Aliona Popi anakimbia na hakamatwi shingo. Aliona Mtasema-Mchoke na kijiti chake. Akatafuta ufagio, hakuuona. Akatafuta ndala, akaiona moja. Akasimama mguu mmoja mchangani, akacheka.

"Leo mmekuwa watu!" akasema. "Kesho nafungua tena."

Akafungua kesho yake, na siku zilizofuata. Gunia alitia pua kwenye upenyo wa mlango, akauliza, "Mchezo umekwisha?"

"Bado, mzee," wakamjibu. "Jina lako linakaribia."

Hadithi imefika bandani mwake, nami nimeishia mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpeni aliyesinzia.

Na mafunzo yake, watoto, ni haya. Ukiulizwa neno, jibu upesi na kwa sauti kubwa, usipoteze wakati kufikiri. Tena mwenye nguvu aheshimiwe siku zote, hasa akiwa ndani na komeo limetiwa.