Sumaku Iliyofungua Stoo ya Bi Riziki

Sogeeni, nina kesi. Mkishaisikia, amueni nyinyi.

Watu watatu walikuwa wakiwania kazi moja katika yadi ya vyuma chakavu. Mwandoe alikuwa na sumaku yake, kipande kirefu mfano wa kidole, aliyopimia shaba ya uongo. Mbotela alikuwa na mkono usiotetemeka. Kadzo alikuwa na digrii ya fizikia, ulimi mkali, na miaka ya kuambiwa "we'll call you".

Bi Riziki, mwenye yadi, aliingia nao stoo awajaribu, akarudisha mlango. Mlinzi wake alizoea kufunga kila mlango aliokuta umerudishwa. Akasukuma komeo la chuma kwa nje, akaenda zake kunywa chai. Uani walikuwa wakichoma mipira ya nyaya. Moshi mweusi ukaanza kupenya chini ya mlango. Dirisha hamna. Wakapiga kelele, zikamezwa na mashine za grainda za jirani.

"Atakayetutoa, kazi ni yake!" Bi Riziki akasema akikohoa.

Mwandoe akabandika ubavu wa sumaku kwenye ubao mwembamba wa mlango, usawa wa komeo. Akaburuta. Wapi!

"Sumaku yako imekufa, bro," Mbotela akamwambia.

"Imekufa babu yako!"

Kadzo aliona kuta zinamsogelea. Asome miaka yote ile, aje afie humu? Akamnyang'anya Mwandoe sumaku, akailaza chini, akaweka kipande cha katoni juu yake, akanyunyizia unga wa chuma uliojaa sakafuni, akagonga kwa kucha. Unga ukajipanga mistari: katikati imeachana, kwenye ncha imesongamana kama sisi siku ya usaili.

"Umeona? Inaposongamana ndipo penye nguvu. Wewe unabandika ubavu! Basic physics, jamani. Tumia ncha!"

Mwandoe akaichukua, akageuza. Komeo likanasa, likasogea. Kikohozi kikamshika, mkono ukaruka, likaachia. Akarudia, likaachia tena.

Mbotela akampokea sumaku, akabana pumzi, akavuta taratibu kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Chuma kikakwaruza. Mlango ukafunguka, wakamwagika nje.

"Sumaku ni yangu," Mwandoe akasema, bado amepiga magoti.

"Na mkono ni wa nani?" Mbotela akamjibu.

Kadzo akajifuta machozi ya moshi. "Tangu nihitimu, digrii yangu imefungua mlango mmoja tu, nao ni huu. Mnataka kunifungia tena?"

Bi Riziki anawatazama wote watatu. Kazi ni moja, na neno alishalitoa. Haya, nyie mliokaa hapo: mngempa nani?