Maji ya Kigae cha Mbwa

Paukwa. Mbona pakawa yenu nyembamba hivyo, wajukuu, hamjala? Paukwa tena. Naam, hiyo imeshiba.

Hapo kale, pembe za ng'ombe zilipokuwa ndefu kuliko mikuki, palikuwa na mwali aitwaye Kemilembe. Alikuwa amechumbiwa na kijana anayempenda, na zilibaki siku saba wakwe waje. Sasa sikieni desturi ya huko. Shangazi wa mume humpapasa mwali shavu. Likiwa laini, ng'ombe wa mahari huingia zizini. Likikwaruza, ng'ombe hugeuzwa, hurudi kwao.

Na shavu la Kemilembe, wanangu, lilikwaruza. Upepo wa kiangazi ulilipasua kama udongo wa bwawa lililokauka. Akapaka siagi, akang'aa, nzi wakamfuata. Akaongeza siagi, vipele vikamtoka, nzi wakaitana. Akaketi kando ya bibi yake, Kokuhirwa, akalia kwelikweli, kwani yule kijana alikuwa moyoni.

Bibi alikuwa akikamua mtindi kwa mikono, kama kila asubuhi. Mazito yakabaki kikapuni, maji ya manjano yakachuruzika, churuzi churuzi, hadi kwenye kigae cha kunywea mbwa. Akamfuta mjukuu machozi kwa kiganja. Kemilembe akakishika kile kiganja. Uso wa bibi ulikuwa na mikunjo ya miaka themanini, lakini kiganja kile kilikuwa cha mtoto mchanga.

"Bibi, mikono yako ilizaliwa lini?"

"Siku moja na uso," bibi akasema. "Ila uso haukamui mtindi."

Mwali akakitazama kigae. Mbwa naye akamtazama mwali. Mwali akawahi. Asubuhi akanawa yale maji, jioni akanawa, siku saba. Na siku saba mbwa akalamba kigae kikavu.

Wakwe wakaja. Shangazi, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa, akapapasa shavu la kulia. Akapapasa la kushoto. Akarudia la kulia. Akauliza mwali amepaka nini. Nyumba nzima ikatazama chini, maana jibu waliokuwa nalo lilikuwa la aibu.

"Maji ya mbwa, mama," Kemilembe akasema.

Shangazi akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa jembe.

"Ingizeni ng'ombe," akasema. "Na huyo mbwa atafutiwe kinywaji kingine."

Basi, wajukuu, msikidharau kitu kwa sababu ya anayepewa. Na mkimwona mbwa akimbwekea bibi harusi, msimpige; anadai kigae chake. Kisa kimeingia zizini, nami nafunga lango.