Kamba ya Mzee Ngiri

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa jiwe na udongo, kamba na fundi wake.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mawe walijenga ukuta wa kuzuia maji ya mlimani. Upande wa kulia waliacha mfereji, vidole viwili chini ya ukingo, ili maji yakizidi yatokee hapo. Upande wa kushoto, chini kabisa ya ukuta, kulikuwa na pango la Pimbi na watoto wake wawili wachanga.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Ngiri. Kimo cha ukuta, tangu mwambani hadi ukingoni, kilikuwa urefu wa kamba yake ya katani. Kushoto alipima alfajiri, kamba imelowa umande. Kulia alipima adhuhuri, jua likiwa utosini. Kamba moja huku, kamba moja kule. Wakajenga.

Na bonde hilo lilikuwa na desturi yake: alipopima mzee hapapimwi tena. Ukipima, umemwita mwongo.

Pimbi hakutulia. Alikwenda kushoto, akarudi kulia, akaenda tena kushoto. Macho yake yalimwambia upande wake uko chini kidogo.

Siku ya kwanza alimwendea Ngiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, naomba tupime tena."

"Nilianza kujenga kabla mama yako hajaota meno. Nenda ukalee."

Siku ya pili mawingu yalikaa mlimani. Pimbi alimwendea Kicheche, aliyekuwa akikanda udongo.

"Dada Pimbi," alisema Kicheche, "wewe hata ugali ukishaiva unauuliza kama umeiva."

Mafundi wakacheka. Pimbi akarudi pangoni, lakini usingizi haukuja.

Siku ya tatu ngurumo zilisikika. Pimbi hakuuliza mtu. Alikata mwanzi mkavu, akausimamisha kulia, akautia alama kwa meno pale ukuta ulipoishia. Akaubeba hadi kushoto. Alama ilipita ukuta kwa vidole vinne. Akarudia. Vidole vinne. Akarudia mara ya tatu. Vidole vinne.

"Njooni mwone," aliita Kicheche. "Pimbi anampima mzee."

Wakaja wote. Ngiri manyoya ya shingo yalimsimama.

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Hapana, babu," alisema Pimbi. "Wewe ulipima sawasawa. Naomba tuipime kamba."

Akaitandaza kamba kavu juu ya mwamba, akaweka alama ya mkaa kila mwisho. Kisha akaitia mtungini, ndani ya maji. Wakangoja, upepo ukivuma. Akaitoa, akaitandaza tena. Haikufika kwenye alama. Ilipungua vidole vinne.

Hakuna aliyecheka. Ngiri aliitazama kamba, akalitazama wingu, akalitazama pango.

"Kumbe umande," alisema. "Miaka yote hii." Kisha akageuka. "Mnangoja nini? Leteni mawe."

Yeye mwenyewe alipiga magoti upande wa kushoto, akapanga jiwe baada ya jiwe, na Pimbi akishika mwanzi. Jiwe la mwisho lilikaa tone la kwanza likianguka.

Mvua ikanyesha. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika kwenye mfereji wa kulia, yakatokea hapo. Kushoto halikupita hata tone. Pimbi alihesabu watoto wake: mmoja, wawili. Akahesabu tena.

Tangu siku hiyo Ngiri hula amepiga magoti, maana haiamini ardhi mpaka aitazame kwa karibu. Na Pimbi hadi leo hachoki kuchungulia mawe yake, kulia na kushoto.

Basi, wasikilizaji wangu, kupima tena si kumvunjia mzee heshima. Mzee husamehe, maji hayasamehe.

Ngano yangu naiweka hapa. Ikiwa imenyooka, ichukueni. Ikiwa imepinda, nirudishieni niipime upya.