Kunguni wa Njia ya Mlima wa Msalaba

Sogeeni, na anayewashwa ajikune bila aibu, maana kisa hiki kina kunguni.

Walikuwapo mahujaji kutoka kijiji kimoja cha Karagwe, wakienda kwa miguu mpaka Mlima wa Msalaba. Watatu kati yao walikuwa na vipaji, ingawa hakuna aliyewahi kuwasifu.

Leokadia alikuwa na pua. Akipita tu mlangoni kwa jirani, anajua maziwa yamechacha.

Projestus alikuwa na moto. Alichoma matofali tangu ujana wake, na moto ulimtii. Moshi wa tanuri ulishamla jicho moja, na la pili lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

Na Adventina? Adventina hakusikia kitu. Tangu amzike binti yake, Jasinta, mwili wake ulikuwa kama wa kuazima. Aliwahi kushika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akaitua polepole, akashangaa watu wanapiga kelele za nini. Hija hii hakuiomba. Wanajumuiya wenzake walimwandikisha, wakamfungia mzigo, naye akanyanyua miguu kwa kuwa wenzake walinyanyua yao.

Njiani walilala katika hosteli za parokia, na huko ndiko kunguni walikowapata. Walitoka kwenye vitanda vya mbao, wakaingia kwenye mablanketi, wakaanza nao hija. Watu walisali rozari huku wakijikuna. Adventina ndiye aliyekuwa na alama nyingi kuliko wote. Alizitazama kama madoa kwenye nguo ya mtu mwingine.

Walipofika hosteli ya mwisho, Sista Domitila alikuwa akiwasubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Poleni na safari, ila ndani hamwingii. Nimeshapigiwa simu. Mna kunguni."

Padre aliyewaongoza akajaribu utani. "Sista, nao ni viumbe wa Mungu."

"Basi lala nao, Padre. Mimi humu nina wazee wagonjwa. Jua likizama kabla hamjasafika, naita lori liwarudishe kwenu."

Wengine walianza kulia. Adventina aliketi juu ya mzigo wake. Kurudi au kwenda mbele, kwake ilikuwa barabara ileile.

Leokadia akafunga kitenge chake vizuri. "Nileteeni mizigo, mmoja mmoja." Akainusa, akiitafuta ile harufu tamu ya kuchefua, kama matunda yaliyoozea kabatini. "Huu hauna. Huu wamo, kwenye mshono." Waliokuwa hawana waliwekwa kando. Alinusa hata msalaba wa mbao waliotembea nao. "Na humu wamo. Kwenye nyufa." Akaenda nyuma ya ukuta kutapika, akafuta mdomo, akarudi kunusa.

Projestus akaomba pipa na kuni. Akachemsha maji, akalaza fito juu ya pipa, akatundika mablanketi na nguo kwenye mvuke, akafunika kwa turubai. "Moto ukizidi tutarudi uchi," alisema. "Ukipungua, kunguni wataoga tu." Moshi ulimwingia jicho lile lililobaki, likavimba. Hakuondoka. Alichochea kuni kwa kupapasa.

Vikabaki visivyoweza kupata mvuke: viatu, mikoba, vitabu vya nyimbo, na ule msalaba. Kila mtu alivitazama kwa mbali. Adventina akainuka bila kuitwa. Akachukua kijiti, akawachokoa kunguni mmoja mmoja, akawaponda kwa kucha mpaka vidole vikalowa damu ya kundi zima.

"Ma Adventina, huoni kinyaa?" Leokadia akamuuliza.

"Sioni."

"Lakini wanakuuma!"

"Nawaona wakiuma."

Jua lilipokaribia kuzama Sista Domitila alikagua kila mshono na kila ufa. Hakupata hata mmoja. "Haya, ingieni mle," akasema.

Kesho yake walipanda mlima. Kileleni kuna kikanisa kidogo, na kila kundi huingiza mtu mmoja tu, awashe mshumaa na kutaja ombi moja. Wote walikubaliana kwamba aingie mmoja wa wale watatu. Ila nani?

"Bila pua yangu mngechemsha nini?" Leokadia alisema. "Nimeolewa miaka mingi, na nyumbani kwangu hajalia mtoto. Hilo ndilo ombi langu."

"Ungewanusa, halafu?" Projestus akamjibu. "Mimi naomba niwaone wajukuu zangu kabla giza halijanifunga."

Wakamgeukia Adventina. Alifikiri kidogo. "Bila mimi msalaba ungekuja huku na kunguni. Hilo kweli. Lakini mimi sina ombi."

"Basi tumebaki wawili," akasema Projestus. "Tena yeye kazi ile haikumuuma. Sisi imetuuma."

"Ta Projestus, mzee wangu!" Leokadia akamkata. "Kwani unadhani kutoumia huko kulimjia bure?"

Adventina aliwasikiliza kama anayesikia maneno ya nyumba ya pili.

Kundi linalofuata limeshafika mgongoni mwao. Mlango uko wazi. Padre ameshika mshumaa, hajui amnyooshee nani mkono: mwenye pua, mwenye moto, au huyu asiyesikia kitu na asiyeomba kitu.

Nimemwacha Padre hapo. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?