Barua Aliyoipokea Mlinzi

Kupokewa si kufika. Mmenisikia nikisema hivyo asubuhi, mwenzenu Mghanga aliponiambia kwamba taarifa ya msiba imepokewa na mpangaji wa mjomba wake, nanyi mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kijijini, wanangu, na aliyeyasema kwanza ni dada yangu Mkawasi, tuliyemzika juzi. Ilikuwa hivi.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikodi kilima chetu miaka kumi ili ichimbe mawe. Upande wa mashariki wa kilima yapo makaburi ya wazee wetu, na mashine zilikuwa zimebakiza kama hatua arobaini kuyafikia. Mkataba ulisema utaendelea miaka kumi mingine, isipokuwa tukiwapa notisi ya kukataa kabla mwezi wa sita haujaisha.

Tukaandika notisi. Kwa desturi yetu, ukipeleka ujumbe nyumbani kwa mtu, yeyote utakayemkuta akiupokea, umefika. Mwenye nyumba hawezi kusema hakuambiwa. Basi tukaenda machimboni wazee watatu. Mlinzi akaipokea barua kwa mikono miwili, akatupa na chai. Tukarudi tumeridhika.

Mkawasi, aliyekuwa katibu wa kamati ya kijiji, akaniuliza, "Huyo mlinzi, kazi aliyopewa na kampuni ni ipi?"

"Kufungua geti."

"Basi kaka, mmeliandikia geti."

Nilikasirika, lakini zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uishe, nilifuatana naye mjini hadi ofisi ya msajili wa kampuni, na nakala ya notisi mkobani. Karani akafungua faili, akatueleza kwamba kampuni ya nje inapokuja kufanya kazi nchini, huandikisha mtu anayeishi hapa wa kupokea hati zake, pamoja na anwani yake. Si hati za mahakama tu, hata notisi kama yetu. Hati ikiachwa kwenye anwani ile, kampuni imeipata.

"Na huyo mtu akikataa?" Mkawasi akauliza.

"Mama, nimesema ikiachwa. Sikusema ikipokewa."

Mkawasi akamwomba arudie. Alipenda kusikia jambo mara mbili.

Jina lililoandikishwa lilikuwa la wakili Kalume, na ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Tulimkuta akifuta miwani. Alipoona jina la kampuni juu ya bahasha, akarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa sindano.

"Sijaagizwa kupokea kitu. Rudini nayo."

"Sikuombi uipokee, baba," alisema Mkawasi, akaiweka mezani. "Umeandikishwa hapa, naiacha hapa. Kaka yangu ni shahidi, ameona siku na saa."

Wakili akaisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. Bahasha ikabaki pale pale.

"Nani amekufundisha haya, mama?"

"Mlinzi wenu. Ile ya kwanza aliipokea vizuri sana, na chai juu."

Kampuni ilibisha kwa barua nne, zote ndefu. Lakini tarehe haikubishika, na wakili hakuweza kukana kwamba meza ni yake. Mkataba ukaisha.

Siku mashine ya mwisho ilipoteremka kilimani, yule mlinzi alituita kibandani tuagane. Wakati akitumiminia chai, Mkawasi aliinua karatasi iliyofunika kopo la sukari. Ilikuwa notisi yetu, na maandishi yake bado yanasomeka. Mlinzi akaona haya. Alisema alikuwa akingoja bosi apite.

Mkawasi hakumgombeza. Aliikunja ile karatasi, akanitazama mimi niliyeikabidhi. Barua iliyopokewa kwa mikono miwili haikuvuka geti, na iliyosukumwa kwa kidole kimoja ndiyo iliyokiokoa kilima.

Juzi tulipompeleka upande wa mashariki, nilipima kwa miguu kutoka pale mashine zilipoishia hadi kaburi lake. Hatua thelathini na nane. Hapo ndipo nilipomsikia tena akiniambia, kama siku ile kibandani: kaka, kupokewa si kufika.