Zimwi Lililokalia Kiti cha Bi Mize

Sogeeni karibu, na anayesinzia afinywe!

Palikuwa na watu walioacha kwao wakajenga kijiji katika nyika kavu, kazi yao kuwapelekea maji wapita njia. Mkuu wao alikuwa Bi Mize. Kiti chake kilikuwa cha ajabu: kila alfajiri akikikalia, alisikia kiu ya kila aliye njiani, kisha akainuka na mtungi.

Siku moja likaja zimwi, kichwa kinagusa mawingu. "Mkuu ni nani hapa?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe mchota maji? Nipishe! Leo natawala mimi."

Wenzake wakashika mapanga. Bi Mize akawazuia, kwani mila ya kijiji ni moja: mgeni hanyimwi kiti. "Karibu ukae," akasema.

Nyie mnaopenda viti, tegeni masikio! Zimwi likakaa. Likasikia mtoto akilia kiu bondeni, likaziba masikio. Likasikia mjamzito akiomba maji mlimani, likafumba macho. Likasikia kikongwe akitweta mchangani, halafu kimya. Hapo zimwi likalia, likalia, na machozi yalipodondoka ardhi ikapasuka, maji matamu yakabubujika!

Bi Mize akapiga magoti. Zimwi likainuka. Akangoja kuliwa.

"Mama," likasema taratibu, "mtungi mkubwa kuliko yote uko wapi?"

Basi ukipita nyika ile ukaona mtungi unatembea juu ya vilele vya miti, usikimbie. Kinga mikono, unywe.